Mzee Ngassa Yu Hai, na Gazeti Lako Halitaki

Samuye, kupitia Shinyanga
Septemba 1954

Ndugu Mhariri,

Kwa unyenyekevu mkubwa nakutangazia, wewe na wasomaji wako popote walipo, kwamba Mzee Ngassa, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, leo asubuhi amekunywa uji, akalalamika kuwa una mabonge, kisha akaenda kutazama ng'ombe wake. Ng'ombe hawajambo.

Najua hii si habari. Umenifundisha mwenyewe, na ndiyo sababu ya barua hii.

Utakumbuka ulituma mashuleni karatasi ya mafunzo, "Habari ni Nini?", ukatuomba walimu tuwafundishe watoto ili wakuandikie mambo ya vijijini. Mimi, ambaye nimefundisha hesabu tangu nina nywele bila mtu yeyote kunishukuru, nilifurahi kama bwana harusi. Nikawaambia Darasa la Nne: habari iwe mpya, iwe ya karibu, imhusu mtu mkubwa, tena iwe na ajabu. Ng'ombe akizaa ndama, nikasema, si habari.

Limi, binti mwenye akili kuliko mwalimu wake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, ng'ombe huyo ni wako?"

"Si wangu."

"Ndiyo maana."

Darasa likacheka, nami nikacheka ili nisibaki peke yangu. Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Kanuni zako zinafanya kazi mno. Wiki ile ile Mzee Ngassa alinunua viatu. Hapa kwetu mkono wake wa birika unajulikana. Akikupa maji ya kunywa, hukaa palepale kungoja kibuyu chake. Bi Mwanaima, Mzigua anayeuza vitumbua gulioni, ni mtani wake, na mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Alipoviona viatu alijifunga kanga kiunoni, akaenda mlangoni kwa mzee, akaangua kilio: "Jamani, Ngassa kafa! Ngassa niliyemjua mimi hanunui viatu. Huyu ni mwingine!" Watu wazima walicheka mpaka wakakaa chini. Limi akatoa penseli. Jambo jipya, la karibu, la mtu mkubwa, tena la ajabu: ulitaka mtoto afanye nini?

2. Karatasi yako inasema mwandishi asiamini uvumi, amwulize mhusika mwenyewe. Limi alikwenda. Akamkuta mzee kibarazani anatafuna viazi vikavu. "Shikamoo, babu. Ni kweli umekufa?" Mzee akameza kwanza. "Marahaba, mjukuu wangu. Ni kweli, tangu asubuhi. Nenda kaseme." Babu na mjukuu nao ni watani, kama hujui. Limi akaandika yote aliyoyaona na kuyasikia, akamalizia hivi: "Marehemu mwenyewe amethibitisha." Nilimpa tisa juu ya kumi, nikakutumia. Moja niliipunguza kwa sababu ya mwandiko.

3. Ninyi mkaikata sentensi hiyo, pamoja na viatu na kilio cha Bi Mwanaima, mkabakiza kifo kitupu. Mlisema nafasi ilikuwa ndogo. Chini yake palikuwa na tangazo la sabuni linalotosha mtu kulalia.

4. Makoye, mwana wa mzee, anachimba dhahabu huko Geita. Wenzake walimsomea gazeti lako, akapanda lori la pamba analia. Alipofika akamkuta baba yake anakula, akaanguka chini akazimia, tukawa na mgonjwa katika msiba usio na maiti. Ndugu wa Songwa nao wakafika na majembe na mashoka, maana kwetu huendi msibani mikono mitupu: wanaume huchimba kaburi na kupasua kuni. Kaburi hakuna. Basi wanakaa na wanakula. Hawaondoki, kwa kuwa kuondoka kabla ya maziko ni aibu.

5. Hili ndilo linaloniuma. Mvua zi karibu, na shule yetu haina chumba cha Darasa la Tano. Mkaguzi amesema wazi: hakuna chumba, hakuna darasa. Wavulana watarudi kuchunga, na Limi ataozwa kabla ya mavuno. Aliyeahidi kuwaita watu wajenge ni Mzee Ngassa. Nilipomkumbusha akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, umesikia wapi maiti akaita watu kazini? Mwambie mhariri anifufue kwanza."

Nikakuandikia. Ukanijibu kwa upole kwamba masahihisho umeyapokea, lakini mtu kuwa hai si habari.

Ndugu Mhariri, kwa mwendo huu nchi nzima itajaa marehemu wanaokwenda gulioni. Naomba basi uchague moja: uchapishe kwamba Ngassa yu hai, au ubadili kanuni, kuwa hai nako kuwe habari, au uje mwenyewe uwalishe waombolezaji, ukiwa na ng'ombe wako.

Wasalimie wapanga chapa wote, na hasa yule aliyeshika mkasi. Mwambie hatuna kinyongo, ila asipite Samuye hivi karibuni. Mke wangu anakusalimu, Darasa la Nne wanakusalimu, na marehemu anakusalimu.

Ni mimi mwalimu wa hesabu,
Pantaleo

N.B. Nilikuwa natafuta stempu nikasikia kelele nje. Ukweli wa mambo yaliyotokea ni huu. Mzee Ngassa amekuja shuleni na waombolezaji wote nyuma yake, akawaambia, "Mmekuja kunizika? Haya, chimbeni," akawaonyesha mahali kwa fimbo, hapa, na hapa, na pale. Shemeji yake kutoka Songwa akauliza mbona kaburi lina mashimo mengi. "Mimi ni mtu mkubwa," mzee akasema, "silali shimo moja." Saa hii nguzo za darasa zimesimama pande zote nne, Makoye yuko juu anafunga fito, na Bi Mwanaima anawaongoza wanawake kuleta nyasi huku akimlilia marehemu kwa sauti nzuri sana.

Kwa hiyo nakuomba usisahihishe neno. Ndugu zake wa Masumbwe hawajafika, na hao ndio mafundi wa kuezeka. Ukipata nafasi, rudia habari ya kifo chake, safari hii ukurasa wa kwanza.