Uso Wangu Katika Filamu ya Leandro

Jumatatu, 6 Julai 1964

Ni kweli. Leandro anakuja kupiga filamu hapa Fuentelobos. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa manispaa. Nimelisoma mara nne, hadi Fulgencio wa duka la dawa akauliza kama nimesahau kusoma.

Leandro Valdivielso, mtoto wa kinyozi. Nilikaa naye dawati moja miaka sita. Akiwa na miaka ishirini na miwili alitoa kitabu cha mashairi, Madrid nzima ikanyamaza kumsikiliza. Vikafuata viwili vingine. Kisha riwaya tano. Ya pili niliisoma nimesimama dukani kwangu, mteja akaondoka na viatu viwili vyote vya mguu wa kulia. Watu walipodhani amemaliza, akaanza filamu. Mtu mmoja, kazi tatu, na zote anaziweza. Mimi hata kuuza viatu bado najifunza. Habari zake zote nimezikata magazetini, zimo kwenye boksi la viatu namba arobaini na tatu.

Mimi pia ni mshairi. Kitabu changu kilinunuliwa na watu kumi na mmoja. Tisa ni ndugu wa Obdulia, mke wangu.

Nimeazimia: uso wangu utaingia kwenye filamu hii. Nikiwemo ndani ya kazi ya Leandro, nitakuwa kama mstari mmoja wa shairi lake. Nina miaka hamsini na miwili. Nafasi nyingine kama hii haitakuja.

Jumanne, 7 Julai

Nimemwendea msaidizi wake, Bi Maravillas, mama mkali mwenye daftari. Nikampelekea viatu vya kamba, vipya. Akavipokea bila kucheka. Fulgencio alikuwa ameshanitangulia na vidonge vya kulainisha koo. Amepewa nafasi ya wakili. Atasema maneno saba! Amenihesabia kwa vidole.

Nikamwambia Bi Maravillas nataka kitu cha mbele. Akasema ipo nafasi moja tu: mtu wa kwanza kwenye maandamano, nyuma ya msalaba, kamera itakuwa karibu naye kiasi cha kuigusa kwa mkono, ila tu... Nikakubali papo hapo, nikatoka mbio asije akabadili mawazo. Nimelala usingizi wa mchana kama mtoto mchanga.

Jumatano, 8 Julai

Haraka haraka haina baraka. Leo ndipo niliposikia sentensi ya Bi Maravillas ilivyokwisha. Ni maandamano ya Ijumaa Kuu. Waandamanaji wote wa toba huvaa kofia ndefu iliyochongoka, kitambaa chake kinafunika uso mpaka kifuani, na macho yanaonea kwenye vitundu viwili. Nimeivaa kila Ijumaa Kuu tangu nina miaka kumi na miwili, na jambo hilo halikunijia kichwani.

Obdulia alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema, mume wangu, siku mbili unahangaika ili ufichwe.

Penye nia pana njia. Nimechukua mkasi wake nikapanua vitundu. Kidogo. Kisha kidogo tena. Sasa pua inatoka. Obdulia anasema nafanana na mbuzi anayechungulia zizini.

Alhamisi, 9 Julai

Bi Maravillas ameona vitundu. Nimepewa kofia nyingine.

Mpango mpya. Nitazimia kwa joto mbele ya kamera, karibu na kisima. Lazima mtu anifunue uso nipate hewa. Nimefanya mazoezi ya kuanguka dukani. Nimevunja stuli.

Alasiri nilikwenda uwanjani kumtazama Leandro akifanya kazi. Alikaa saa nzima akisubiri kivuli cha mnara kifike kwenye kisima, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Kisha akamwomba bibi Casilda afunge dirisha lake. Akafunga. Akamwomba tena, kwa upole, mara kumi na nne. Bibi akamwambia, mwanangu, hili dirisha nalifunga tangu hujazaliwa, leo ndiyo unifundishe? Leandro akamwambia, basi bibi, lifunge kama siku ile uliyomzika mumeo. Bibi akamtazama. Akalifunga. Dirisha lile naliona kila siku, na sikuwahi kuliona.

Leandro akanipita, akanitazama, hakunitambua. Nilikuwa nimebana tumbo ndani. Labda ndiyo sababu.

Ijumaa, 10 Julai

Naandika huku miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi.

Padri Higinio alikubali kutoa sanamu yenyewe ya Bikira Maria, Mama wa Huzuni, kwa sharti kwamba mtu asicheke. Tukapangwa. Mimi wa kwanza, peku, kama inavyotakiwa. Mawe yalikuwa ya moto. Kengele zikalia, wabebaji wakamwinua Mama, akatokea mlangoni pa kanisa, na wanawake wote wakajifunga vitambaa vyeusi. Hapo nadhani kila mtu alisahau kwamba ni Julai.

Tulipofika kisimani, sauti kutoka kwenye kamera ikasema, kata! Hakuna aliyesimama. Ikasema tena. Tukaendelea. Bi Maravillas akaja mbio na kipaza sauti, akasema imetosha, rudini mwanzo. Wenceslao, mkubwa wa wabebaji, akamwambia, dada, punguza sauti, Mama yuko njiani.

Hapa kwetu Mama akishatoka harudishwi nyuma. Azunguke mji wote, arudi nyumbani kwake mwenyewe. Aliwahi kurudishwa mara moja tu, enzi za babu, na mvua ya mawe ikamaliza ngano yote.

Watu wa filamu waliotoka Madrid wakapiga kelele. Leandro hakupiga. Nilimwona kwa vitundu vyangu: alikuwa amevua kofia. Akaagiza kamera ipandishwe kwenye mkokoteni, ivutwe kinyumenyume mbele yetu, na mtu asiseme neno. Ikawa hivyo kwa saa moja na nusu. Nyuma yangu wanawake walikuwa wakiimba, na sauti ya bibi Casilda ilikuwa kama ya marehemu mama yangu. Nikalia. Kamera ilikuwa hatua mbili mbele yangu, na mimi nalia ndani ya kitambaa.

Sikuzimia. Nilikumbuka mpango tulipofika kanisani. Nikajilaani sana.

Nikiwa bado nimevaa kofia, Leandro akaja akasimama mbele yangu. Akainamisha kichwa kutazama miguu yangu, ilikuwa inatoka damu. Akasema, Eleuterio, si wewe huyu? Hivi vidole nilikuwa navicheka mtoni tukiwa watoto. Nilitaka kujibu jambo la maana. Kitambaa kikaniingia kinywani.

Jumamosi, 22 Mei 1965

Filamu imeonyeshwa leo katika ukumbi wa parokia. Mji wote ulikuja, hata wasioelewana.

Kwanza akatokea Fulgencio. Akafungua kinywa, ikatoka sauti ya mtu mwingine, nzito, ya Madrid. Wamembadilisha sauti. Mkewe akauliza kwa nguvu huyo anayeongea ni nani. Nilifurahi kuliko inavyompasa Mkristo.

Kisha maandamano. Msalaba. Kofia yangu. Nikashikilia kiti. Kamera ikashuka: kitambaa, kifua, kamba ya kiunoni. Ikazidi kushuka. Ikafika miguuni, ikakaa.

Dakika mbili nzima. Miguu yangu, mikubwa kama ng'ombe wawili, ikitembea juu ya mawe. Kidole gumba kilicholala upande. Sugu. Damu kidogo. Miguu ya muuza viatu! Nilitamani ardhi ipasuke. Gizani bibi Casilda akasema, hiyo si miguu ya Eleuterio? Watu wakanong'ona, ndiyo yenyewe. Nikasubiri kicheko. Hakikuja. Mtu akaanza Salamu Maria, wengine wakaitikia, na Obdulia akanishika mkono na hakuuachia mpaka taa zilipowaka.

Gazeti la Madrid limeandika kwamba miguu ile ni mstari bora aliouandika Leandro tangu kitabu chake cha kwanza. Obdulia alinisomea mara mbili. Akasema, unaona sasa? Nikamwambia naona.

Alhamisi, 10 Juni 1965

Nilimwandikia Leandro. Nikamshukuru kwa unyenyekevu, nikamkumbusha kwamba miguu ile ina uso, na mwenye navyo ni mmoja.

Leo amejibu kwa kadi. Anasema uso wangu umeandikwa miguuni, niridhike. Filamu yake ijayo ni ya masista wasiotoka nje ya ukuta wa konventi. Wanaume hawatakiwi.

Obdulia anasema basi, sasa nitatulia.

Nimemuuliza Padri Higinio masista huvaa viatu namba gani. Tangu asubuhi nimenyoa ndevu mara mbili.