Unga Wangu wa Mtoto, Bora Kuliko wa Kopo

Jumatatu, 3 Juni 1991
Unga wa mtoto umepanda bei tena. Nimesoma maandishi yote ya kopo: nafaka, soya, sukari. Kumbe tunanunua picha ya mtoto mzungu anayecheka! Nimemwambia mke wangu Vestine kwamba kuanzia leo chakula cha Shami nitakitengeneza mimi. Shami ana miezi minane, hana ubishi. Vestine aliuliza kama nimewahi kupika chochote. Swali la wivu. Nikaenda sokoni kununua soya na mtama.

Jumanne, 4 Juni
Nimeanika soya na mtama juu ya paa la bati. Jirani yetu Jean-Berchmans hupanga makopo matupu dirishani, ili mtaa mzima wa Nyakabanda ujue wanawe wanakula nini. Alikuja kuuliza kama hicho kilicho juu ya bati ni chakula cha kuku. Nilisema hapana, kwa ukali. Akasema basi kuku wake wamekosea. Nikapanda mbio. Imebaki nusu.

Jumatano, 5 Juni
Nimesagisha kilichobaki, nikapika uji, nikauonja kwanza mwenyewe kama baba mwenye busara. Moto! Midomo imevimba kama ya mpiga tarumbeta. Nilirudi kumgombeza mwenye mashine, ila maneno hayakutoka vizuri. Alisubiri nimalize, kisha akaeleza kwa upole kwamba kabla yangu alisaga pilipili, na kwamba wateja wengine huwa wanauliza.
Uji nimewamwagia kuku wa Jean-Berchmans. Wameukataa.

Alhamisi, 6 Juni
Soya mpya, mashine nyingine. Uji una rangi ya udongo na harufu ya godoro lililonyeshewa. Shami amefunga mdomo. Nimeimba. Nimekifanya kijiko ndege inayotua uwanja wa Kanombe. Kimetua. Amenitemea machoni.
Nikamimina unga wangu kwenye kopo la dukani, nikapika upya huku akiniangalia. Hajui kusoma, lakini hakudanganyika. Vestine ametangaza kwamba mtoto asipokula kufikia Jumamosi, kopo litanunuliwa kwa pesa za bia yangu. Hali ni mbaya.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe, Mukasine, amekuja kutoka Kabeza kumwona mjukuu. Hana jino hata moja. Aliikuta sufuria, akala, akakwangua hadi chini. Kisha akanishika mkono, machozi yakimlengalenga.
"Mkwe wangu, wanangu wote wananipa nyama. Wewe peke yako umenifikiria."
Ningesema nini? Nilisema, "Ndiyo, mama." Ametuma watu wakamletee sanduku lake.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe anakula uji asubuhi, mchana na jioni. Soya imekwisha. Pesa za bia zimenunua gunia zima.
Nilipokuwa nakoroga sufuria yake, Shami alitambaa hadi kwenye sahani yangu, akajipakia viazi na maharage mdomoni, akaomba vingine kwa kelele. Vestine amesema basi: mtoto atapondewa tunachokula sisi, na unga wa aina yoyote asiuone tena.
Kwa hiyo nimeshinda. Kopo hatununui. Ni wazi unga wangu ndio uliomfungulia hamu. Vestine hakutaka kulijadili jambo hilo.

Jumapili, 9 Juni
Nimegundua kwamba sabuni ni mafuta na majivu tu. Halafu tunainunua! Nimeshachemsha. Vestine amelala baada ya misa. Kitenge chake kipya kina doa dogo sana karibu na pindo.
Nimekiloweka.