Paja Nililonyimwa

Jumatatu, 4 Machi

Nimerudi kutoka kliniki ya moyo. Habari ni kubwa. Hiki kifua kinachonibana kila nikipanda ngazi, Daktari anataka kukichungulia kwa ndani. Mrija mwembamba utapita ndani ya mshipa wa damu hadi kwenye moyo, wamwage dawa, wapige picha. Nikajiona mtu wa maana! Kisha akasema mrija utapitia kifundo cha mkono, na kwamba nikitoka hapo nitasimama kwa miguu yangu.

Mkono!

Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, alipitishiwa pajani. Akalala chali kutwa nzima. Akalishwa kwa kijiko. Miaka imepita, na bado kila tukikutana hadithi zake zinaanzia pajani, ndiyo maana humu ndani namwita Bwana Paja. Mama mkwe alimpikia supu hata majirani wakauliza kuna nini. Mimi kwa mkono nitapata nini? Pole ya mlangoni.

Halafu kuna suala la kabati. Jumamosi ya wiki ijayo Mama mkwe anahamia ghorofa ya juu yetu, na kabati lake la mbao ngumu, kubwa kama kibanda cha mlinzi, lazima lipande ngazi. Aliyelala chali habebi kabati. Aliyetobolewa mkono ataambiwa anao wa pili.

Nataka paja.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kumwona Daktari kwa upole na hoja nzito. Nimemwambia mimi ni fundi saa, mikono ndiyo riziki yangu, afadhali waguse paja ambalo halifanyi kazi yoyote ya maana.

Mwanamke mtulivu sana, huyu. Hakucheka. Akanishika mkono, akanionyesha mshipa unaodunda chini ya kidole gumba. Akasema huu uko juujuu, chini yake kuna mfupa, ukivuja unabanwa na damu inakata. Wa paja, kule kwenye kinena, umejificha ndani, unaweza kuvuja kimyakimya bila mtu kujua. Nikauliza, na mkono ukioza? Akasema kiganja kinalishwa na mishipa miwili, mmoja ukiziba wa pili unashika zamu. Hakunificha kitu: mkono unaweza kuvilia damu, mshipa unaweza kujibana, mara chache huziba. Madhara makubwa ni nadra. Tena watatumia mkono wa kushoto, wa kulia ubaki na saa zangu.

Kila mlango niliobisha ameufunga kwa adabu.

Ila ameteleza mahali pamoja! Amesema Ijumaa muuguzi atakipima kiganja kama huo mshipa wa pili unafanya kazi. Usipofanya, wataangalia njia nyingine. Nikatoka naimba kwa ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango ulikuwa barafu. Mkono baridi, damu haiji, kiganja cheupe, paja hilo! Nikajaza mfuko wa plastiki, nikautia kwenye mfuko wa koti, nikazamisha mkono wa kushoto humo na kukaa kwenye foleni kama mtu anayewaza.

Foleni haikusogea. Barafu ikayeyuka. Mfuko ulikuwa na tundu. Maji yakashuka kwenye suruali, yakafanya kidimbwi chini ya kiti. Bibi mmoja aliyekaa kando yangu akatazama chini, akanitazama usoni, akanipa gazeti lake. Kisha akahamia benchi la mbele. Ningesema ni barafu, angeuliza ya nini.

Muuguzi aliposhika mkono wangu aliuliza kama nimetokea mochwari. Nikasema ndivyo nilivyoumbwa. Akaniwekea mkono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, akaendelea na kazi zake, akarudi. Akanifumbisha ngumi, akabana mishipa yote miwili, nikafumbua: cheupe kama chaki. Nikaanza kufurahi. Akaachia upande mmoja. Kiganja kikawa chekundu kama nyanya papo hapo!

Akamwita Daktari aje aone. Daktari akasema mishipa ni mizuri ajabu, pengine wataingilia chini zaidi, mgongoni mwa mkono karibu na kidole gumba, ambako kidonda ni kidogo hata zaidi.

Yaani nimejitahidi hivi ili kidonda kipungue.

Jumanne, 12 Machi

Naandika kwa mkono wa kulia, kitandani hospitalini. Leo sina mzaha mwingi.

Mke wangu alinisindikiza mpaka kwenye mlango ambao wasindikizaji hawavuki. Alikuwa ameongea njia nzima habari za bomba la jikoni. Pale mlangoni bomba likaisha. Akanishika shati, akainyoosha kola ambayo haikuwa na tatizo.

Chumba ni baridi. Sindano ya ganzi, kisha kama mtu anakuvuta mkono wa shati kwa ndani. Nikauona moyo wangu kwenye kioo cha mashine, unaruka gizani peke yake. Sijawahi kumwonea mtu huruma vile.

Katikati ya njia mkono ukauma.

"Mshipa umejibana," Daktari akasema. "Unaogopa, kama wewe. Nimeutia dawa. Usijikaze, legeza mabega, tunausubiri."

"Tukishindwa je?"

"Tutatumia paja. Si ndilo ulilolitaka?"

Sikulitaka. Nakiri hapa ambapo hakuna anayesoma: nilifumba macho nikauomba ule mshipa wa mkono kama naomba msamaha. Ukafunguka.

Kisha picha zikatokea. Mshipa mmoja wa moyo, ule mkubwa wa mbele, ulikuwa umebaki na kijinjia chembamba kama unywele. Wakapanua hapohapo, wakaacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma cha kuuzuia usirudi kujifunga. Daktari akasema nimefika mapema, ngazi zangu zilikuwa zikingoja siku yao tu.

Nilitoka nimefungwa bangili ya plastiki iliyojazwa upepo kubana tundu. Nikaenda chooni kwa miguu yangu. Mke wangu aliniona natembea, akakaa chini kwenye sakafu ya korido na kulia kwa sauti. Nilimwambia ni tundu dogo tu. Akaniambia ninyamaze.

Alhamisi, 14 Machi

Nyumbani. Bandeji yangu ni ndogo kuliko stempu. Wageni wanakuja jioni! Bwana Paja ataniuliza kama niliumwa na mbu.

Nikanunua bandeji ya kuzungushia, nikajifunga kuanzia vidoleni mpaka begani, nikatundika mkono shingoni kwa mtandio wa mke wangu. Kwenye kioo nilionekana mtu aliyenusurika kwenye vita.

Mama mkwe akaingia chumbani, akaniangalia, akauliza kwani si walisema wa kushoto?

Nilikuwa nimefunga wa kulia.

Nikaeleza kwamba maumivu huwa yanahama. Mama mkwe akasema vizuri, yapelekewe chai huko yaliko. Mke wangu akaanza kunifungua bandeji mbele ya watu, taratibu, kama anamenya kitunguu. Hapo ndipo Mama mkwe alipoongeza kwamba tangu aliposikia habari za kifua changu hakuwahi kunihesabu kwenye kabati lake. Na mke wangu akakumbusha kwamba muuguzi amekataza mkono uliotobolewa usiinue kitu kizito wiki nzima.

Barafu yote ile!

Nikamngoja Bwana Paja acheke. Hakucheka. Wengine walipokwenda sebuleni alibaki, akaomba aone tundu. Akalitazama sana.

"Hiki tu?"

"Hicho tu, shemeji."

"Mimi nilivuja," akasema. "Usiku ule paja lilijaa damu, mguu ukawa mweusi hadi gotini. Niliaga dunia kimoyomoyo. Nasimulia kwa kucheka kwa sababu nikisimulia vingine silali." Akanirudishia bandeji, akaibonyeza pembe moja baada ya nyingine. "Nimefurahi wewe umepata mkono."

Nikampa nusu ya mto wangu akaegemea.

Jumamosi, 16 Machi

Kabati limepanda. Lilibebwa na watoto wa Bwana Paja, vijana wenye vifua kama milango. Wagonjwa wawili wa moyo tuliketi kwenye viti kuwaelekeza, yeye chini, mimi juu. Yeye akasema kulia, mimi nikasema kushoto. Kabati likakwama kwenye kona, na wapangaji wa juu wakashinda nje mpaka alasiri. Mama mkwe ametuletea supu, bakuli moja, vijiko viwili.

Jumatatu, 18 Machi

Kliniki. Daktari amefurahi. Tundu limefunga, mshipa unadunda kama kawaida. Amesisitiza vidonge bila kukosa, na kutembea kila asubuhi. Nimemwahidi kwa moyo mkunjufu. Nilichokiona kwenye kile kioo si cha kuchezewa. Nimebadilika.

Mke wangu ameniwekea kwenye simu kile kitu cha kuhesabu hatua. Kila jioni atakagua.

Sasa, asubuhi kuna umande. Na jirani wa chini ana mbwa, mnyama mwenye bidii sana, hajui kukaa kitako. Nimeshona kijimfuko kwenye mkanda wake wa shingoni. Simu imeingia kama ilipimwa! Naandika haya nikiwa nimejinyoosha kitandani, mwili umepumzika, afya inajengeka.

Nasikia simu yangu inaita, mtaa wa pili huko. Bila shaka ni mke wangu, anataka kunipongeza.