Ziwa Limeniimbia Mimi

Jumatatu, 4 Novemba 2002
Padri mpya anakuja Jumapili kuchagua kiongozi wa kwaya. Ni ama mimi mwalimu Védaste, ama Damascène. Damascène hajui kutunga hata wimbo wa kuita kuku, ila amerudi kutoka Bukavu na kinanda cha umeme. Mimi nina kipaji. Na nina ziwa! Kesho alfajiri napanda kilima cha Nkanka. Kivu lenyewe litanipa wimbo.

Jumanne, 5 Novemba
Limenipa! Ukungu mzito, sioni hata miguu yangu. Kutoka majini zikapanda sauti nzito, za kupokezana. Ziwa linaimba! Mizinga ya vita vya ng'ambo, upande wa Bukavu, imenyamaza wiki hii, kwa hiyo nimenasa karibu kila noti. Mwisho tu ndio uliofifia, kuelekea kisiwa cha Nkombo. Nimelia machozi ya kweli. Nimeuita "Sauti ya Maji Matakatifu".

Alhamisi, 7 Novemba
Mazoezi. Nikawaambia wanakwaya kwamba sikio la mwanadamu halijawahi kusikia wimbo huu. Maman Dancille wa Nkombo akacheka mpaka akakaa chini. Nilipomwuliza kulikoni, akasema ni kikohozi. Wivu! Nimemhamishia safu ya nyuma. Kisha nikapatana na mtu wa jenereta: Jumapili mafuta "yataisha".

Jumapili, 10 Novemba
Mafuta yakaisha. Kinanda kimya, Damascène kanuna. Raha! Nikainua mikono, kwaya ikaanza, na watu wote wa Nkombo wakaitikia kwa maneno yao. Wengine wanavuta makasia hewani! Kumbe ni wimbo wa wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, wa kumsuta mvivu asiyepiga kasia, na jina la mvivu hubadilishwa kila siku. Leo walitia langu. Mzee Mukengere, mvuvi wa Nkombo, akasimama akapaza sauti: "Mwalimu, vuta basi! Batu batafika wapi hivi?" Padri alicheka mpaka miwani ikadondoka. Nikafika pale wimbo ulipofifia ukunguni siku ile, nikakwama. Dancille akaumalizia, vizuri kabisa. Padri amemchagua Dancille. Nimeumia sana. Sambaza sili tena.

Jumatatu, 11 Novemba
Kosa ni la ziwa. Lina watu wengi mno. Leo nimeshuka Bugarama, nikajilaza nyuma ya tuta la shamba la mpunga, macho nimefumba, nisikilize upepo mtupu. Ah! Upepo wa huku una sauti nyororo za kike, una kiitikio, tena unapiga makofi kufukuza ndege. Padri atajuta! Ajabu moja tu: ilipofika saa sita upepo ukanyamaza, na kukanukia maharage.