Mlima wa Kidulunga Kuongezwa Urefu Bila Taarifa

Jastin Kobelo,
Dereva wa bodaboda na mkulima wa karoti,
Kidulunga Kati.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kumpokea Baba Askofu,
Kigango cha Kidulunga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Mkubwa Magdalena,

Tumsifu Yesu Kristo. Na shikamoo.

Najua nyumba zetu zimetenganishwa na shamba lako moja tu la njegere, na kwamba wewe ndiye uliyekuwa ukinifunga nepi mama akienda sokoni. Hata hivyo, jambo ninalolileta ni zito mno kuongelewa juu ya ua huku kuku wakisikiliza. Naomba kwa muda wa barua hii unisahau kama mtoto wa mdogo wako, unitambue kama mwananchi.

Kwa heshima na masikitiko natangaza rasmi kwamba siku ya Jumatano, kwenye kona ya pili kutoka barabara ya lami, pikipiki yangu ilipitwa na Devotha. Devotha alikuwa anatembea kwa miguu. Alikuwa na tenga la kabichi kichwani na mtoto mgongoni. Alinisalimia, nikaitikia, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, kisha akapotelea mbele. Mtoto alikuwa ananiangalia muda wote.

Nimelitafakari tukio hilo bila hasira na nimefikia hitimisho moja tu linalowezekana. Mlima wetu umeongezwa urefu.

Kabla hujaikunja barua hii, nikukumbushe tulikotoka. Kamati yako ilinichagua mimi niongoze pikipiki zote siku Baba Askofu atakapokuja kutoa kipaimara. Niteremke mpaka kwenye lami, nilipokee gari lake kwa matawi na honi, nilipandishe mpaka kanisani. Heshima hiyo imekuwa ya Castory, bodaboda mwenzangu, mara mbili mfululizo. Safari hii mama yangu, ambaye ni mdogo wako na unamjua mdomo wake, ameshawatangazia watu mpaka Langali. Ameshona na kitenge. Sasa nikionekana mbele ya gari la Askofu ninasukumwa na waumini, mama hatatoka nje mpaka Pasaka, nami sitakuwa na mahali pa kula.

Katika kikao kilekile wewe mwenyewe ulisimama ukasema, "Anayeongoza asikike toka huko chini, kwaya ipate kujiandaa." Mimi ni mtu wa kutii. Kesho yake nilikwenda mjini, Mwembesongo, kwa Fundi Shabani, akaifungua ekzosi ya zamani na kunifungia mpya, nene kama paja la mcheza mpira. Ilikataa kidogo kukaa mahali pake. Shabani akaishawishi kwa nyundo. Alipoiwasha, muuza chapati wa jirani akamwaga unga, na Shabani akasema, "Bosi, hii sasa inapanda hata ukuta."

Tangu siku hiyo haipandi hata tuta la viazi.

Usidhani nilikaa kimya. Nilirudi kwa Shabani, akabadilisha plagi. Nikarudi, akafumua kabureta, akaipuliza, akairudisha. Nikarudi, akasafisha chujio la hewa, akamwaga oili na kuweka nyingine. Nikarudi, akaweka cheni mpya. Kila mara alikuwa akiiwasha, anainamisha kichwa kama daktari, anasema, "Sikiliza mlio huo, bosi. Ugonjwa haupo hapa." Basi kama ugonjwa haupo kwenye pikipiki, uko kwingine. Kati ya vitu viwili vinavyohusika na kupanda mlima, kimoja kimeshafanyiwa matengenezo yote. Cha pili hakijaguswa na fundi yeyote tangu kuumbwa kwake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mlima umeongezwa bila kikao. Choo cha shule kilipohamishwa hatua chache tu, tuliitwa, tukasaini mahudhurio, tukanywa soda. Leo unanyanyuliwa mlima mzima na hakuna hata tangazo mlangoni pa kanisa. Nilimuuliza Eric, mtoto wa dada yangu anayesoma chuo Mazimbu. Akasema ni kweli milima huweza kuinuka, ila kidogo kidogo, kwa mamilioni ya miaka. Nikamuuliza hayo mamilioni yanatimia lini. Akasema hajui. Mimi nadhani yametimia Jumatano.

2. Nasikika bila kufika. Mke wangu Prisca zamani akiusikia mlio wangu huko chini alikuwa anateleka maji ya ugali, na nilikuwa nafika ugali unaiva. Siku hizi anausikia, anateleka, anasonga, wanakula, wanaosha vyombo, na mimi bado naunguruma kwenye kona ya tatu. Kijiweni wameanza kuniita Redio, yaani kitu chenye sauti kubwa kisichotoka mahali kilipo. Mama Mkubwa, mimi ni baba wa watoto watatu.

3. Mlima una ubaguzi. Castory anapanda mlima huuhuu na gunia mbili za viazi, na juu ya gunia amemkalisha mama mkwe wake. Anapanda kwa gia ambayo mimi nimesahau hata namba yake. Akinipita anapaza sauti, "Redio! Nikutangulizie salamu nyumbani?" Mlima gani huo unaomjua mtu kwa jina? Simshutumu Castory kwa lolote. Nasema tu kwamba yeye ndiye aliyepoteza nafasi ya kuongoza, na mara tu alipoipoteza mlima ukarefuka.

4. Ugonjwa unasambaa. Ili kutenda haki nilisema niipime pikipiki mahali pasipo na mlima. Nilichukua barabara ya Dodoma kuelekea Gairo, ambako kila mtu anajua ni tambarare na watu wake wanalima karanga kwa raha zao. Wakati wa kwenda ilikuwa nzito. Nikasema sawa, kumbe Gairo nako kumeinuka. Nikageuza ili nije nikiteremka. Wakati wa kurudi ilikuwa nzito vilevile. Maana yake ni kwamba barabara ya Gairo sasa ni mlima wa kwenda na kurudi. Nashauri wakulima wa karanga waelezwe mapema, tena kwa upole.

5. Abiria wananidhalilisha kwa wema. Mwalimu Paulo, katekista wetu, akitaka kwenda parokiani ananikodi, halafu anashuka ananisukuma. Tukipumzika anachuchumaa kuota mikono kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu linapata moto mzuri sana na huku kwetu ukungu hauna huruma. Anasema ni afadhali kuliko jiko. Hata paka wa Prisca amehama mafigani, siku hizi analala hapohapo kwenye gurudumu. Nalitaja hili ili uone kwamba pikipiki inafanya kazi kwa bidii zote. Taa yake nyekundu ya nyuma nayo inawaka mchana kutwa bila kuzimika tangu ekzosi mpya ifungwe, dalili kwamba umeme upo wa kutosha. Kuna na harufu ya kuungua inayotokea kila nikipanda. Hiyo nimeihesabu kama uzembe wa wanaochoma mashamba.

6. Msongo wa mawazo.

Haki lazima isemwe hata kwa mshtakiwa. Kwenye kuteremka, mlima huu haujawahi kuwa mzuri hivi. Zamani nilikuwa nateremka na karoti roho ikiwa mkononi. Sasa nateremka kama sista anayekwenda kupokea komunyo. Pikipiki inakwenda taratibu, kwa adabu, na sigusi breki hata kidogo. Mama mmoja wa Mgeta aliyepanda na mayai aliniambia hajawahi kuona kijana mstaarabu namna ile. Ni kutokana na ushuhuda huo ndipo maombi yangu yanazaliwa.

Ombi la kwanza ni kwamba mlima urudishwe kimo chake cha awali. Vijana wa kigango watoke na majembe siku ya msaragambo, waanze na kileleni, maana ndiko kulikozidi. Udongo ningesema upelekwe Gairo, lakini kwa niliyoyaeleza hapo juu, Gairo wanao wa kutosha.

Iwapo kamati itaona kazi hiyo haitakamilika kabla ya kipaimara, basi ombi la pili ni hili, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Baba Askofu apokelewe wakati wa kuondoka.

Utaratibu wake ni mwepesi. Apandishwe siku moja kabla, kimyakimya, bila honi wala matawi. Anayekutana naye njiani ajifanye anafunga kamba ya kiatu, na asiye na viatu atazame migomba. Alale, atoe kipaimara, ale chakula cha mchana. Hapo sasa ndipo kengele igongwe, kina mama wapige vigelegele, watoto washike maua, nami nitangulie mbele na ekzosi yangu ikisikika mpaka Mzumbe, nikimteremsha kwa ustaarabu hadi kwenye lami. Kwaya iwe imejipanga hukohuko chini, imwimbie "Karibu Baba" huku dereva wake akitafuta njia ya kurudi Morogoro. Atakuwa amepokelewa kikamilifu. Tofauti ni ndogo, hakutakuwa na haja ya kukaa.

Wakituuliza wageni, tutasema ni mila. Sisi Waluguru hatumpokei mgeni mpaka tuhakikishe kweli anaondoka. Hakuna atakayebisha, kwani kila mwenye shemeji anaelewa.

Na iwapo hata hilo litashindikana, ombi la tatu na la mwisho ni kwamba kanisa literemshwe. Mlima ubaki juu, kanisa lije chini, kila mmoja apate alichotaka. Mabati nitayabeba mimi mwenyewe kwa pikipiki yangu, kwa kuwa yatakuwa yanateremka.

Nakuomba sana Mama Mkubwa usiirudishe nafasi kwa Castory. Akiongoza mara ya tatu, itakuwa nafasi ya kurithiwa kwenye ukoo wake. Na mama ameshakata kitenge, hakirudi dukani.

Nisalimie Baba Mkubwa na goti lake. Nisalimie kwaya yote, hasa sauti ya pili ambao najua wananicheka. Nisalimie mhasibu wa kamati, wafunga maua, na yule kuku wako mwekundu anayekuja kutagia kwangu. Mwambie mayai yake yapo salama, isipokuwa yale tuliyokula.

Wako katika kupanda na kuteremka, hasa kuteremka,

Jastin Kobelo (siyo Redio)

Tanbihi: Nilipokuwa natafuta bahasha, Castory alikuja kuazima spana. Kiberiti chake kikamdondoka karibu na pikipiki, akainama kukiokota, hakuinuka. Akasema, "Redio, mbona ekzosi yako imekalia pedeli ya breki?" Nikamwambia asiingilie mambo ya kamati. Akaipiga ile ekzosi teke moja kwa ndani. Pedeli ikainuka, taa nyekundu ikazimika, gurudumu likazunguka lenyewe, paka akakimbia.

Kumbe tangu Mwembesongo nimekuwa nikipanda mlima, na kwenda Gairo na kurudi, huku nimekanyaga breki.

Nimeijaribu saa hii hii. Nimepanda mpaka mlangoni pa kanisa kwa gia ambayo namba yake nimeikumbuka. Njiani nimempita Devotha, na safari hii mimi ndiye niliyemwangalia mtoto. Mlima una kimo kilekile. Naomba ombi la kwanza, la pili na la tatu yafutwe, Gairo waombwe radhi, na Baba Askofu apokelewe wakati wa kupanda kama walivyopokelewa waliomtangulia. Nitamwongoza mimi. Wakati wa kumteremsha aongoze Castory, kwani kwa matumizi hayo niliyoyaeleza, breki za nyuma zimekwisha zote. Nimeligundua hilo wakati wa kurudi kutoka kanisani.

Walioangusha mistari minne ya njegere zako si mbuzi.