Marahaba ya Baba Mkubwa Bura

Jumatatu, 4 Agosti. Nangwa.
Nimeingia kundi la wasapu la walezi wa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Dada Doris, muuguzi anayeliongoza, alimtaka mdogo wangu Letisia, kwa kuwa ndiye anayemlisha Baba, kumwogesha na kumtafuta akipotelea kwenye mahindi. Lakini Letisia ana simu ya tochi. Simu ya kupangusa ni yangu. Haki iko wazi!

Jumapili watachagua mlezi bora wa wilaya. Atapelekwa Babati kupumzika. Hoteli, kuku, shuka nyeupe! Kikwazo ni mmoja tu, Hermani wa Basotu. Kila asubuhi anatuma picha akimnywesha mama yake uji. Leo kapata mioyo kumi na saba. Mnafiki.

Jumanne, 5 Agosti.
Na mimi uji. Nilimpa Letisia simu arekodi, nikamsogelea Baba na bakuli. Baba akasimama, akavua kofia, akaniambia shikamoo kaka. Baba yangu mzazi! Kaniona mimi ni baba mkubwa Bura, kaka yake, aliyefariki nikiwa darasa la saba. Nusu ya uji ilimwagikia suruali yangu.

Dada Doris alishatufundisha kwamba tusibishane na mgonjwa, tumfuate huko alikofika. Nikamfuata. Nikaitika marahaba. Video nikaituma.

Jumatano, 6 Agosti.
Balaa! Video imefika kwa shangazi Mary, sijui kwa njia gani. Kaja kwa miguu kutoka Katesh. Anasema tangu azaliwe hajaona mtoto akipokea shikamoo ya baba yake na kuitika huku amekaa. Nilikuwa nimechuchumaa, lakini hakusikia. Mzee wa kanisa Yonas ananiita Jumamosi nijieleze. Siendi.

Kwenye kundi, mioyo thelathini na mmoja! Hermani kaandika kwamba yeye angeitika kwa unyenyekevu zaidi. Wivu unamtafuna.

Ijumaa, 8 Agosti.
Nimevaa koti refu la marehemu, lililokuwa linaning'inia stoo. Bura akisema neno, Baba anatii. Nilimwambia aoge, akaoga. Dawa akameza bila kutema. Letisia aliduwaa. Miezi minne anapigana na vidonge hivyo. Kaniomba niwe Bura kila asubuhi, angalau nusu saa, apate kulala kidogo maana mgongo unamuua. Nikamjibu kwamba kipaji hakichezewi hovyo. Nakitunza kwa Jumapili.

Mpango ni huu. Mbele ya kundi zima, Bura atamuuliza Baba habari za mwanawe Akonaay, yaani mimi. Baba hajawahi kumdanganya kaka yake. Sifa zitamwagika.

Jumapili, 10 Agosti.
Mkutano wa video. Watu arobaini. Koti nimelipiga pasi. Baba kaniamkia, nimeitika. Kwa sauti nzito nikamuuliza, je, Akonaay anamtunza vizuri?

Baba alifikiri sana. Akasema anayemtunza ni Letisia. Akonaay haji. Anamsikia akiongea na simu huko nje, lakini ndani haji. Akaniomba, kaka, nikimwona nimwambie aje tu, hata mikono mitupu. Kila jioni anambakizia kipande cha ugali pembeni ya sahani, na kila jioni kinapoa.

Watu arobaini walinikodolea macho. Hata Hermani. Nikaganda nikijifanya mtandao umekata. Mtandao haukuwa umekata, na kuku wetu alinipita mbele akitembea vizuri kabisa.

Letisia kachaguliwa kwa kura zote. Hata yangu. Nilibonyeza vibaya, macho yalikuwa na vumbi.

Jumatano, 13 Agosti.
Letisia yuko Babati. Kapiga simu kusema amelala saa kumi na moja mfululizo, kisha akauliza kama Baba amekula.

Jioni nilivua koti, nikakaa naye. Nikamwambia shikamoo Baba, mimi ndiye Akonaay. Akaniangalia kwa upole. Akasema Akonaay ni mdogo bado, yuko machungani na ndama, atarudi jua likizama. Akanipa kile kipande cha ugali nimwekee. Nikakila chote, huku nalia kama mtoto. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Baba akanifuta machozi na kofia yake. Moyo wangu uliuma vibaya sana.

Halafu simu ikalia, picha mpya kundini. Hermani! Kamwosha mama yake miguu. Mioyo sitini na miwili!

Na machozi yangu yote yale hakuna aliyeyarekodi. Hasara iliyoje! Kesho jirani yetu, fundi Gidion, anakuja na simu yake kunirekodi kutoka dirishani. Baba atabakiza ugali tena, hilo halisahau. Nitakaa upande wa kushoto, ndiko sura yangu inakolia vizuri.