Mwalimu wa Lugha ya Visiwani

Siku Mama Funguo aliposema angetoa chochote ajue lugha ya wageni wake wapya, Spika alikuwa amepiga magoti akisugua sakafu ya mapokezi. Aliposikia neno "chochote", akaliacha tambara ndani ya ndoo, akasimama na kufuta mikono.

Spika hakuwa mwenyeji wa nchi ile. Alifika na wenzake wawili, kila mmoja na begi lake mgongoni: binamu yake, fundi cherehani ambaye ndiye aliyewaza safari yote hiyo ya kuzunguka nchi za watu, na rafiki yao Bonge, fundi magari mwenye mwili unaolingana na jina. Mfuko ukikauka, walitafuta kazi; ukipata nafuu, waliendelea na safari. Safari hii ulikaukia kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni ya treni, wakapewa malazi na chakula kwa kazi. Bonge alifua mashuka, binamu alikaa jikoni, na Spika aliwekwa mapokezi kwa sababu ya mdomo wake. Yaani aliwakaribisha wageni, kisha akasugua walipokanyaga.

Mwenye nyumba alikuwa mjane mnene aliyetembea na kishada cha funguo kiunoni, ndiyo maana wakambandika jina hilo. Sabuni aliikata kwa uzi, vipande vyembamba kama biskuti. Sasa alikuwa na roho juu. Kundi la watalii kutoka visiwa vya mbali lilikuwa linakuja kukaa msimu mzima, na bado halijaamua kama litalala kwake au kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye lifti. Kama angeweza kuwakaribisha kwa lugha yao, alisema, lifti ingekuwa si kitu.

Spika akamweleza kwa unyenyekevu kwamba, kwa bahati, alikulia visiwa hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba kisiwa alikiona kwenye kalenda tu. Lugha aliyokusudia kufundisha ni ile aliyonyonya kwa mama yake, Kiswahili, ambacho katika mji ule hakuna aliyekijua isipokuwa wao watatu.

Ujira aliotaka ulikuwa nyuma ya nyumba: gari la buluu la marehemu mume wa Mama Funguo, matairi yameisha upepo, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mama Funguo aliona anaombwa takataka. Akakubali kwamba wageni wakija na yeye akawakaribisha vizuri, gari ni lao, na akampa Bonge ufunguo alitengeneze.

Masomo yakaanza. Spika, ambaye shuleni alifukuzwa darasani mara nyingi kuliko alivyoingia, akatembea huku na huku ameshika mikono nyuma. Jambo la kwanza, alisema, ni heshima: mwanafunzi akimwona mwalimu humwambia "shikamoo". Basi ikawa kila asubuhi mwanamke yule, umri wa mama yake mzazi, anamwinamia kijana na kumwambia shikamoo, naye anaitika "marahaba" kwa sauti nzito ya jaji.

"Mtu mzima akuamkie wewe?" binamu alimwambia jikoni, amekasirika kweli. "Shikamoo anapewa mkubwa. Huoni haya?"

Spika alisema haya hailipi nauli. Mama Funguo alikuwa pale pale anamenya viazi, lakini hilo halikumsumbua mtu. Tangu waondoke kwao, Kiswahili kilikuwa pazia lao. Nyuma yake waliwasema wenye nyumba, madereva na wakaguzi wa tiketi, mbele ya macho yao, huku wakitabasamu. Haikumpitia Spika kichwani kwamba kila somo alilotoa lilikuwa tundu kwenye pazia hilo.

Kwani mwanafunzi alikuwa hatari. Alibandika karatasi kila mahali: sukari, mlango, ndoo, kiti. Alisoma akipika na akipanda ngazi. Siku moja aliuliza "bahili", neno alilokuwa akilisikia sana jikoni, maana yake nini. Mwalimu, bila kupepesa jicho, akamwambia ni mwanamke mwenye busara. Mama Funguo akafurahi, akaenda kumwambia Bonge kwenye kamba ya nguo kwamba yeye ni bahili sana. Bonge, ambaye uongo haumkai mdomoni, akajifunika uso kwa shuka na hakutoka mpaka mama yule alipoondoka. Tangu hapo Mama Funguo akapunguza kuuliza, akazidisha kusikiliza.

Mpango wa mwisho ulipangwa juu ya kichwa chake, viazi vikimenywa. Bonge alikuwa amefaulu kuliwasha gari. Wageni wangefika asubuhi na uongo ungeanguka papo hapo, kwa hiyo Spika alitaka waondoke alfajiri, kimya kimya. Binamu akakataa. Walilala kwa yule mama, alisema, wakala kwake. Wakichukua gari kabla ya siku yake, huo ni wizi. Bonge naye akasema angeanika mashuka kwanza, maana magoti ya mama yanamuuma. Spika akaongea mpaka wakachoka kumbishia, na hicho ndicho kipaji chake.

Alfajiri wakatoka uani na mabegi yao. Kwenye usukani wa gari la buluu alikuwa amekaa Mama Funguo, funguo mapajani. Spika akaanza kueleza, kwa lugha ya pale, kwamba walikuja kulikagua tu. Mama Funguo akainua mkono. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, polepole, akilipima kila neno.

"Kwanza, nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mimi ni mkubwa. Wewe ni mdogo."

Binamu alikuwa wa kwanza kuelewa, akaangalia chini asicheke. Spika akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akasema Mama Funguo, na kwa kweli alilisema vizuri kuliko yeye. "Bahili sasa namjua. Mwizi pia namjua. Hawa wawili si wezi. Nimesikia."

Akateremka, akampa binamu ufunguo wa akiba wa gari. Bonge akapewa mfuko wa mikate ya moto, na mwanamke yule akamshika shavu kama mwanawe. Spika alipotaka kupanda, akamshika begi.

Wageni walifika jua likichomoza, wamechoka, mizigo tele. Mama Funguo akasimama mlangoni na kuwaambia, "Karibuni sana, poleni na safari." Hawakuelewa hata neno. Ila walikuwa wageni mji ule, na lugha ya pale hawakuijua pia, kwa hiyo walidhani hiyo ndiyo. Wakaiona nzuri, ina muziki. Kiongozi wao akauliza kwa ishara na lugha nusunusu kama kuna wa kuwafundisha, kwa vile wanakaa msimu mzima, na Mama Funguo akamnyooshea Spika kidole. Wakalala pale pale, lifti ya jirani ikabaki inapanda na kushuka peke yake.

Ndivyo Spika alivyopata kazi ya kudumu, ya kwanza maishani mwake. Darasa lilikuwa ghorofani, chumba chenye baraza, asubuhi na jioni, na sakafu alisugua katikati. Binamu aliahidi watampitia msimu ukiisha. Alisema hivyo kwa upole, ila alikuwa ameshavaa miwani ya jua.

Somo la kwanza lilikuwa limeanza waliposikia gari likiunguruma uani. Spika akasogea dirishani. Bonge alikuwa kwenye usukani, binamu pembeni yake amenyoosha miguu, na gari la buluu likatoka getini likaishika barabara ya milimani, ambako yeye ndiye aliyekuwa na hamu zaidi ya kufika. Akaliangalia mpaka likapotea.

"Nimekwisha," akasema taratibu.

Nyuma yake darasa zima, kalamu mkononi, likaitikia kwa pamoja:

"Nimekwisha."